Parasetamoli: wanaobishana wanazungumzia wagonjwa wawili tofauti

Mjadala kuhusu parasetamoli, dawa ambayo wengi tunaiita Panadol hata boksi likiwa limeandikwa jina jingine, una kambi mbili zisizosikilizana. Ya kwanza inasema dawa inayoweza kuua ini haistahili kukaa rafu moja na sabuni na betri. Ya pili inajibu kwamba hakuna dawa ya maumivu na homa iliyo salama kuizidi kwa mtu anayefuata dozi, na kila kizuizi humsumbua mgonjwa wa kawaida kwa sababu ya wachache. Ushahidi wanao wote. Nikiwafuatilia kwa makini, naona kila kambi ina mgonjwa wake kichwani, na wagonjwa hao hawafanani.

Tuanze na watetezi, maana hoja yao hupuuzwa haraka. Mtu mzima mwenye afya humeza miligramu 500 hadi 1,000 kwa mara moja, husubiri angalau saa nne kabla ya dozi nyingine, na havuki miligramu 4,000 ndani ya saa 24. Akibaki humo kwa siku chache, tumbo halichubuki, damu haipotezi uwezo wake wa kuganda, na figo kwa kawaida hazipati shida. Dawa nyingine za kundi hili haziwezi kujisifu hivyo. Aspirini iliondolewa kwa watoto baada ya kuhusishwa na ugonjwa wa Reye, unaoshambulia ubongo na ini la mtoto aliyetoka kuugua mafua makali au tetekuwanga. Uingereza iliizuia kwa walio chini ya miaka 12 mwaka 1986, na mwaka 2002 ikaupandisha umri huo hadi 16. Ibuprofeni huleta vidonda vya tumbo, huweza kuumiza figo za mtu aliyepungukiwa maji, na haifai kwa mwenye dalili za dengi kwa sababu ya hatari ya kuvuja damu.

Kwa mjamzito, parasetamoli bado ndiyo chaguo la kwanza, kwa dozi ndogo inayotosha na kwa muda mfupi. Septemba 2025 serikali ya Marekani iliihusisha hadharani na usonji kwa watoto, na Shirika la Afya Duniani likajibu kwamba hakuna ushahidi wa uhakika wa uhusiano huo. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2024, uliofuatilia watoto karibu milioni 2.5, ulikuwa umeshaonyesha kwamba ndugu wa mama mmoja wakilinganishwa, uhusiano huo hauonekani. Homa kali isiyotibiwa wakati wa ujauzito ina madhara yake, na anayemtisha mjamzito kuhusu kidonge hana budi kumwambia na hilo.

Kwa hiyo watetezi wanaposema kwamba ukimfukuza mtu kwenye parasetamoli atakimbilia dawa mbaya zaidi, wanasema kweli. Kasoro ya hoja yao imejificha kwenye maneno mawili: "mwenye afya".

Ini hupokea parasetamoli na kuifunga sehemu kubwa ili itoke kwa mkojo. Sehemu ndogo hugeuka kuwa kemikali ya sumu iitwayo NAPQI, ambayo hudakwa mara moja na glutathioni, kinga iliyomo ndani ya chembe za ini, na mambo huishia hapo. Dozi ikizidi, njia ya kawaida huelemewa, NAPQI huongezeka, akiba ya glutathioni hukauka, na sumu hugeukia chembe za ini zenyewe. Sasa fikiria mtu ambaye akiba hiyo ilikuwa ndogo tangu mwanzo: hajala vizuri kwa siku kadhaa kwa sababu ya homa yenyewe, ana utapiamlo, au ni mnywaji wa pombe kila siku. Wengine wanatumia dawa zinazoweza kulisukuma ini kutengeneza NAPQI zaidi, kama isoniazidi ya kifua kikuu au baadhi ya dawa za kifafa. Mtu mzima mwenye uzito chini ya kilo 50 naye hapaswi kuhesabu kwamba gramu 4 ni zake. Watu hawa wanahitaji kiwango cha chini, na mfamasia au daktari ndiye wa kukipanga.

Hata kwa wenye afya, gramu 4 si kiwango cha kukaa nacho wiki hadi wiki. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwapa watu wazima wenye afya gramu 4 kila siku kwa siku 14. Kati ya asilimia 31 na 44 yao, kutegemea kundi, kimeng'enya cha ini, kinachopimwa kwenye damu kuona kama ini linaumia, kilipanda zaidi ya mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida. Kambi ya kwanza hulishika tokeo hilo kama ushahidi wa kufunga kesi. Kambi ya pili inakumbusha kwamba kupanda kwa kimeng'enya si sawa na ini kuharibika, na kwamba mara nyingi hushuka chenyewe. Kwa mtu mwenye nguvu zake nakubaliana na hawa wa pili. Siwafuati wanapoipeleka hoja hiyohiyo kwa mgonjwa ambaye hajatia chakula kinywani kwa siku tatu.

Sasa upande wa vizuizi. Septemba 1998 Uingereza ilipunguza pakiti: vidonge 32 kwenye maduka ya dawa, 16 kwenye maduka mengine. Sababu ilikuwa watu wanaojidhuru. Anayefikia hatua hiyo mara nyingi hufanya hivyo ghafla, kwa kilichopo nyumbani, na wimbi lile likipita wengi hutaka kuishi. Kilichopo nyumbani kikiwa kidogo, muda wa kupita hupatikana. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu England na Wales ulikadiria kuwa katika miaka 11 iliyofuata vifo vya sumu ya parasetamoli vilipungua kwa asilimia 43, na majina mapya kwenye orodha ya kusubiri ini la kupandikizwa kwa sababu hiyo yalipungua kwa asilimia 61. Wapinzani wanahoji ni kiasi gani cha upungufu huo kilitokana na sheria, na kiasi gani na matibabu bora na mwelekeo wa jumla wa vifo vya kujiua. Ni swali la haki. Hata ukikata nusu ya makadirio hayo, bado unabaki na watu wengi walio hai kwa sababu ya boksi dogo.

Nchi nyingine zimeelekea huko huko. Sweden ilifungulia mauzo nje ya maduka ya dawa mwaka 2009, kisha mwaka 2015 ikavirudisha vidonge kwenye maduka ya dawa pekee baada ya visa vya sumu kuongezeka. Ufaransa, tangu Januari 2020, imeiondoa kwenye rafu za kujichukulia. Lazima uombe dukani. Australia ilipunguza pakiti Februari 2025. Sioni hoja ya maana ya kupinga hatua hizi. Mwenye kichwa kinachouma hapungukiwi chochote kwa kununua vidonge 16 badala ya 100.

Ila pakiti ndogo haimgusi mgonjwa mwingine, yule anayezidisha dozi bila kukusudia kujidhuru hata kidogo. Utafiti wa vituo 22 vya Marekani uliochapishwa mwaka 2005 ulihesabu wagonjwa 275 ambao ini lao lilishindwa kazi ghafla kwa sababu ya parasetamoli. Asilimia 48 walizidisha bila kukusudia, kundi kubwa kidogo kuliko waliokusudia. Na kati ya hao wasiokusudia, asilimia 38 walikuwa wakitumia dawa mbili au zaidi zenye parasetamoli kwa wakati mmoja. Mtu ana jino linalouma, anameza vidonge viwili kila anapoamka. Jioni anaongeza dawa ya mafua ya unga inayokorogwa kwenye maji moto. Usiku anachukua kidonge cha mgongo kilichochanganywa na kodeini. Kwake hizo ni dawa tatu. Kwa ini lake ni dawa moja iliyopitiliza. Bidhaa za Marekani zinaiandika asetaminofeni, na asiyejua kwamba ni kitu kilekile huongeza dozi juu ya dozi kwa nia njema kabisa.

Hapa pia ndipo swali la kama dawa inasaidia linapoingia, ingawa watu hulitenga na usalama. Jaribio la Australia lililochapishwa mwaka 2014 lilichukua watu zaidi ya 1,600 wenye maumivu mapya ya mgongo. Waliomeza parasetamoli kwa ratiba walipona kwa wastani wa siku 17, waliomeza walipohisi haja siku 17, na waliopewa kidonge kisicho na dawa siku 16. Dawa isipogusa maumivu, mtu hafikirii kwamba haifai kwa ugonjwa wake. Hufikiri kwamba ameichukua kidogo. Maumivu yasiyotulia baada ya siku chache yanahitaji kuchunguzwa chanzo chake, na homa hali kadhalika: joto likishuka, malaria haijaondoka, imenyamazishwa tu.

Kwa watoto, hesabu ni ya uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa nne hadi sita, si zaidi ya mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 10 hupata miligramu 100 hadi 150. Hatari iko kwenye chupa, kwa kuwa kuna sirapu yenye miligramu 120 katika mililita 5 na nyingine yenye 250 katika mililita zilezile. Mzazi aliyezoea ya kwanza, akipewa ya pili na akapima kijiko kilekile, amempa mtoto zaidi ya mara mbili. Vijiko vya jikoni navyo havilingani. Kikombe au bomba la kupimia linalokuja na dawa ndilo la kutumia, na dawa ya kuweka njia ya haja kubwa huhesabiwa pamoja na ya kunywa. Wazazi wengi huzidisha kwa sababu wanapigana na namba kwenye kipimajoto. Homa si ugonjwa. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani kwa watoto inazungumzia dawa pale joto linapofika nyuzi 38.5 au zaidi, na miongozo ya Uingereza inasema dawa za kushusha homa zisitumiwe kwa lengo la kuzuia degedege pekee. Mtoto mwenye joto la 38 anayecheza na kunyonya hahitaji kuamshwa usiku anyweshwe. Mchanga wa chini ya miezi mitatu mwenye homa ni habari nyingine: huyo anapelekwa kuonwa na daktari.

Wagonjwa wote wawili, aliyekusudia na asiyekusudia, wanakutana kwenye ukimya wa sumu hii. Siku ya kwanza kunaweza kuwa na kichefuchefu, au pasiwe na kitu. Halafu mtu hujisikia nafuu, huku ini linaumia. Maumivu ya upande wa kulia wa tumbo na macho ya njano huja siku ya pili, ya tatu au baadaye. Dawa ya kuzuia madhara ipo, inaitwa asetilisisteini, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8. Aliyezidisha aende hospitali saa ileile, akiwa na boksi mkononi, hata kama anajiona mzima. Ambaye mawazo ya kujidhuru yanamzunguka anaweza kwenda hospitali hiyohiyo au kumwambia mtu wa karibu kabla hajagusa chochote.

Je, kuna hatua inayomlenga huyu asiyekusudia? Ipo, na ilifanyika kimyakimya. Mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliwataka watengenezaji wa vidonge mseto vya kuandikiwa na daktari wasizidishe miligramu 325 za parasetamoli katika kila kidonge, na kufikia 2014 sharti hilo lilikuwa likitekelezwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba baada ya sharti hilo, kulazwa hospitali na ini kushindwa kazi kutokana na mseto wa parasetamoli na dawa za jamii ya afyuni vilipungua. Mgonjwa hakuelimishwa upya wala hakukatazwa kununua. Kidonge chenyewe ndicho kilichobadilishwa.

Sharti hilo halikuzigusa dawa mseto za mafua zinazouzwa bila cheti, na mimi ningeanzia hapo kabla ya kugusa tena pakiti ya parasetamoli tupu. Ningezipeleka nyuma ya kaunta, na neno parasetamoli liandikwe usoni mwa boksi kwa herufi kubwa kuliko jina la biashara. Watengenezaji watasema mchanganyiko humrahisishia mgonjwa anayehitaji kutuliza homa na kuzibua pua kwa mkupuo mmoja. Dawa ya kuzibua pua iliyomo katika nyingi kati ya hizo ni fenilefrini ya kumeza, na Septemba 2023 jopo la washauri wa FDA lilipiga kura bila hata mmoja kupinga kwamba, kwa dozi zinazouzwa, haizibui pua.