Rangi iacheni kwenye kitambaa, si kwenye macho

Jamani naomba niliseme hili maana limenikaa moyoni. Siku hizi hapa Kigoma kila anayepiga picha ya paka anaigeuza nyeusi na nyeupe, halafu anarudishia macho tu yale ya kijani, basi, kamaliza. Mimi siafiki. Staili yenyewe ya kubakiza rangi sehemu moja naipenda mno, ila macho yakibaki kijani peke yake kwenye uso wa kijivu humuoni tena paka wako, unaona macho yanakukodolea, na wapo watu huku kwetu picha ya hivyo hawaitundiki sebuleni ng'o.

Aliyenifumbua ni bibi mmoja wa Ujiji. Ana paka mzee, mweupe mwenye mabaka, kamfunga shingoni kipande cha kanga yake nyekundu iliyochakaa. Nikampiga picha barazani asubuhi, nikaiediti, nikayaachia macho rangi yake. Bibi akaitazama weee, akaniuliza, "Mjukuu wangu, mbona kanga yangu hamna?"

Nikarudia. Macho nikayafanya kijivu, kanga ikabaki na rangi yake, na hapo ndo nikaelewa, kwamba macho paka kazaliwa nayo lakini kile kitambaa kuna mtu alikaa chini akakikata akamfunga, yaani ukikiona tu unajua huyu ana mwenyewe. Hata mbwa ni hivyo hivyo. Mbwa anatofautisha bluu na njano, nyekundu haioni kama sisi, kwake ni kama kahawia iliyofifia, kwa hiyo ule mkanda mwekundu uliomnunulia unauona wewe zaidi kuliko yeye. Ni alama yako kwake.

Sasa shida ya Kigoma ni udongo mwekundu. Ukitumia zile programu za kuchagua rangi moja ibaki, ukigusa nyekundu unabakiwa na mkanda, na ulimi, na vumbi lote la miguuni, mnyama anaonekana kama kakanyaga damu. Fanya kwa mkono. Kwenye Snapseed, ile programu ya simu ya kuediti picha, igeuze kwanza nyeusi na nyeupe, kisha fungua orodha ya hatua ulizofanya, chukua brashi, ondoa ile nyeusi na nyeupe pale kwenye kitambaa tu. Zumu mpaka uhesabu manyoya, maana rangi ikivuja pembeni hata milimita moja picha nzima inaonekana ya kubandika. Na ukali wa rangi ushushe! Kanga ya bibi ilikuwa imepauka, mimi nikaipandisha ikawaka kama mpya, uso wa paka ukasahaulika kabisa, ikabidi niishushe mpaka ilingane na ile ya shingoni.

Paka wa rangi ya chungwa kwenye majani mabichi ni kesi nyingine, zile rangi zikigeuka kijivu zinakaribiana anapotelea humo humo, na wengi wanamrudishia rangi ili aonekane. Hapana, mhamishie mbele ya mlango wenye giza upige upya.

Na kama mnyama hana kitu shingoni? Basi muache nyeusi na nyeupe mwili mzima.

Bibi nilipompelekea ile ya mwisho alimbeba paka, akakishika kile kitambaa akakisogeza karibu na picha, akaangalia huku, akaangalia kule. "Ehee. Ndo yenyewe hii."