Muulize Waziwazi

Januari 2025, Mahakama Kuu hapa Nairobi ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba. Hicho ndicho kilichomhesabu yeyote aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Angeweza kufungwa hadi miaka miwili. Jaji Lawrence Mugambi ametimiza wajibu wake. Mitaani bado tunahukumu.

Mtu akijaribu kujiua Kayole au Umoja, majirani hutaja sababu moja tu: deni, mapenzi au mapepo. Lakini wenye madeni Nairobi ni wengi (nani hajasumbuliwa na watu wa mikopo ya simu?), na wengi wao huamka wakaendelea kuhangaika. Aaron Beck, daktari wa akili wa Marekani, aliona kwamba kukata tamaa, yaani kuamini kesho haina lolote, huashiria hatari kuliko hata ukali wa huzuni yenyewe. Thomas Joiner naye, mwanasaikolojia wa Marekani, mwaka 2005 alitaja mengine mawili: kuhisi huna wako, na kujiona mzigo kwa wapendwa wako.

Hilo la mzigo ndilo linaloninyima usingizi. Mwanamume amekuja mjini ili atume pesa nyumbani. Kazi ya mjengo ikikatika, hashiki tena simu ya mamake, anajiondoa kwenye kundi la WhatsApp la harambee, kanisani haonekani. Yeye anadhani anaficha aibu, kumbe anajitenga na walewale ambao wangemwambia wanamtaka yeye, pesa baadaye. Nasi tukikutana naye tunamwambia, "Jikaze, wewe ni mwanaume." Ushauri wa ovyo kabisa.

Mimi nasema aulizwe waziwazi: "Ndugu yangu, umewahi kufikiria kujiua?" Wengi huogopa kwamba swali hilo litamtia wazo kichwani. Tafiti hazionyeshi hivyo. Wengi hupata nafuu wakiulizwa. Akijibu ndiyo, usimhubirie. Kaa naye, ondoa vitu anavyoweza kujidhuru navyo, mtafutie msaada siku hiyohiyo. Hospitali ya Mathari ina wataalamu wa afya ya akili, shirika la Befrienders Kenya husikiliza, na kupiga 1199 ya Msalaba Mwekundu ni bure.

Akirudi nyumbani, tafadhali msimfanye wa kuhurumiwa tu. Mpeni daftari la chama aliandike, amchukue mtoto shuleni. Na harambee ikifika, mwiteni aje hata mikono mitupu.