Kitabu cha likizo mchagulie mama mkwe

Kila likizo ikikaribia nafanya kosa lile lile. Nakwenda kwenye kabati natoa vile vitabu nnavoona haya kwamba mpaka leo sijavisoma, vinne vitano hivi, navitia kwenye begi naiambia nafsi yangu mara hii vinamalizika vyote, halafu narudi navyo kama vilivyokwenda, ila kimoja kina mchanga na kimoja kina doa la mchuzi wa pweza. Mwaka juzi kijana aliyenibebea begi pale bandarini Mkoani alilitua chini akaniuliza, "Dada, humu umetia mawe?"

Basi nimekaa nkalifikiri jambo hili na sasa nina msimamo wangu, na najua wako watakaonicheka.

Ule ushauri wa vitabu vya likizo unaozunguka mitandaoni kaandikiwa mtu mwengine kabisa. Kaandikiwa mtu aliyelala kwenye kiti cha ufukweni, simu kazima, hakuna anaemwita wala anaemsubiri. Mtu huyo yupo kweli, nawaona Nungwi na Paje kila siku, ila si mimi. Likizo yangu mie ni kupanda boti nikaenda Wete, Pemba, kwa wakwe, nyumba ina watu kumi na moja na kuku wasio na idadi. Ukijitenga upenuni na kitabu robo saa tu utasikia "mwanangu, unaumwa?", na ukifika nusu saa mumeo anaitwa pembeni anaulizwa kama mmegombana. Kusoma kimya kimya mbele ya watu waliokungoja mwaka mzima ni kama kuwapa mgongo, na mimi siwalaumu, maana na mimi mgeni akinifanyia hivyo nyumbani kwangu ntanuna.

Kwa hiyo mie sasa vya kabla ya safari na vya safarini sivichagui kwa kipimo kimoja. Cha kabla ya safari ni changu peke yangu, nakisoma kwangu usiku watoto wamelala. Cha kwenda nacho ni cha nyumba nzima.

Cha kabla kazi yake ni kukufungua macho. Mara ya kwanza kupelekwa kwenye magofu ya ngome ya Pujini, kule kusini mashariki ya Chake Chake, niliona majani, kuta zilobomoka na shimo. Nikapiga picha mbili nikauliza soda inauzwa wapi. Safari ya pili wiki moja kabla ya kuondoka nilikuwa nimesoma kidogo kuhusu pale, Adria LaViolette ndie mwanaakiolojia aliyepachimba, na nikasoma na masimulizi ya Mkama Ndume mwenyewe, yule mtawala ambae jina lake tu, mkamua wanaume, linakutisha. Inasimuliwa kwamba watu wake walisomba mawe ya ngome huku wakijiburura kwa makalio, na kwamba alikuwa na wake wawili wasioweza kuonana, basi kisima kikatiwa ukuta katikati, mmoja anashuka ngazi kuchota na mwengine anateka kwa ndoo na kamba upande wake. Sasa ukifika pale ukijua hayo, lile shimo halibaki shimo tena. Nilisimama nikawa nazitafuta ngazi kwa macho kama mtu aliyepoteza hereni. Mzee mmoja aliyekuwa karibu akanisikia namhadithia mume wangu akaja kunisahihisha, ati mie nimeyageuza, mwenye ngazi alikuwa mke mdogo, nami nikamwambia mzee wangu mimi mkubwa na mdogo sikuwataja kabisa, akasema ndo hapo ulipokosea. Tumebishana mpaka ikakaribia magharibi, na ule ubishi ndo kitu nnachokikumbuka zaidi katika safari ile yote. Ningekwenda kichwa kitupu tena ningeuliza soda.

Wageni wetu hapa mjini naona wanafanya kinyume. Unamkuta mtu kakaa hotelini Shangani, bahari iko mbele yake, anasoma kitabu cha Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, akaondoka Unguja 1866 na kitabu chake kikatoka Ujerumani 1886. Anasoma Salme anahadithia kasri la Mtoni wakati Mtoni yenyewe iko pale pale njia ya Bububu, gari ya abiria inamfikisha mara moja akayaone magofu kwa macho yake. Kisome kwenu bwana, ukija huku uje kutembea! Lakini tusiwacheke sana, maana sie wenyewe wenye Mtoni yetu wangapi tumekisoma?

Na hapo hapo niseme la Abdulrazak Gurnah, yule mwandishi. Mwaka 2021 alipopata Nobel ya fasihi hapa mjini tulivimba vichwa sote, ati mtoto wetu wa Unguja, na ukimuuliza mtu umesoma kipi chake anaanza kukohoa. Mimi nilikuwa katika wanaokohoa. Mwaka 2022 kikatoka Peponi, riwaya yake Paradise iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis, nikakinunua nikakibeba kwenda nacho Wete, na hilo lilikuwa kosa kubwa. Kile kitabu kinakwenda polepole na kinataka kimya. Yusuf anatolewa kwao mtoto mdogo kufidia deni la babake na mwenyewe haelewi kinachoendelea, sasa jambo kama hilo utalisoma vipi huku watoto wanagombania embe mlangoni na mtu anakuuliza kama chumvi imetosha? Ukurasa mmoja niliusoma mara nne. Nikakifunga, na mwaka uliofuata nikakianza tena nyumbani, kurasa ishirini kila usiku kwa wiki mbili kabla ya likizo, na hapo ndo nikakijua. Kitabu kizito kimalize kabla hujafunga begi, ukisafiri safiri nacho kichwani.

Kuna na aina nyengine ya vitabu vya kabla, hivi ninavipenda sana kuvipigia debe, navyo ni vile vilivyouliwa na mtihani. Nani kati yetu aliyesoma Vuta n'kuvute ya Adam Shafi kwa raha yake? Tumeisoma skuli, tumeikata vipande vipande, dhamira, wahusika, fani na maudhui, tukaandika "mwandishi amefaulu kwa kiasi kikubwa" na tukaitupa siku ya mwisho ya mtihani. Riwaya ya 1999 ile, filamu yake imetoka 2021, watu wa nje wakaiona wakaipenda na sie tunasema ah, ile ya skuli. Jaribu kuirudia ukiwa mtu mzima una ndoa na madeni, hakuna anaekuuliza dhamira. Yasmin na mumewe yule aliyemzidi umri, Mwajuma na vituko vyake, Denge na harakati zake, utaona kama unawasoma watu unaowajua. Mimi nilicheka peke yangu usiku mpaka mume wangu akaamka.

Basi ndo tufunge safari. Kwenye boti usisome. Hili sina maelezo mengi, ukifika mkondo wa Nungwi mwezi wa saba kusi limeshika, hata anaesoma ujumbe kwenye simu anajuta. Nilijaribu mara moja, sikumaliza ukurasa, mfuko wa kutapikia nikaomba kwa jirani kwa sababu wangu ulikuwa umeshajaa. Lala, au shika tasbihi.

Sasa nije kwenye kitabu cha safarini chenyewe, na hapa nihadithie kilichotokea, maana ndicho kilichonibadilisha. Ilikuwa mwezi wa saba, karafuu zimeshaanza kuchumwa. Jioni mapolo, yale magunia ya karafuu, yanaletwa nyumbani yanamwagwa juu ya jamvi uwani, na baada ya isha watu wanakaa duara kuchambua. Unalishika shada unalisokota kwenye kiganja, karafuu zinaanguka upande huu, makonyo unayatupia upande ule, na watoto wa kule wanafanya hivyo huku wanazungumza wala hawatazami. Mimi mtu wa mjini. Vidole viliniuma baada ya dakika kumi, na kila nilichochambua mtoto wa miaka tisa alikirudia nyuma yangu taratibu, kwa adabu, bila kusema kitu. Mama mkwe alinivumilia siku ya kwanza. Siku ya pili akasema, "Wewe mwanangu kuchambua hujui, na hicho kitabu unakibeba tu kama hirizi. Hebu tusomee."

Kitabu nilichokuwa nacho kilikuwa Mzimu wa Watu wa Kale, cha Muhammed Said Abdulla. Cha zamani, kilishinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki ya 1957 na 1958 na kikachapwa 1960, nami nilikitia begini kwa sababu tu kilikuwa chembamba. Nikaanza. Bwana Ali anaonekana maiti kule mzimuni, anakuja mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, na rafiki yake Najum pembeni. Nilidhani watanisikiliza kurasa mbili kwa kunistahi halafu mazungumzo yataendelea. Ukurasa wa tatu mama mkwe akainua mkono wenye karafuu: "Rudi nyuma hapo. Huyo kasema alikuwa wapi?" Nikarudi nyuma. Wakaanza kubishana, shemegi anamtuhumu huyu, wifi anamtuhumu yule, mimi nangoja na kidole kwenye mstari. Umeme ukakatika, ikaletwa kandili, hakuna aliyesema tukalale.

Kandili ile ilinirudisha mbali kidogo, mniwie radhi. Waliokuwepo Unguja wanakumbuka Disemba 2009 mpaka Machi 2010, karibu miezi mitatu kisiwa kizima hakina umeme, mji mzima majenereta yananguruma na wasiokuwa na jenereta wamo kizani. Katika miezi ile ndo nilisoma vitabu vingi kuliko mwaka wowote wa maisha yangu, na nyingi ya kurasa zile nilisomewa, baba alikuwa akitusomea kwa sauti sie watoto tukiwa tumejilaza kwenye mkeka kwa joto. Umeme uliporudi akaacha, na hakuna aliyemuuliza kwa nini, tulikimbilia tivii. Kwa hiyo nilipokuwa pale Wete nasoma kwa kandili nilijikuta naivaa sauti ya baba bila kukusudia, hata pale pa kunyamaza kidogo kabla ya jina la mtu.

Usiku wa tatu wakaja majirani. Walikuja na mapolo yao ya karafuu, wamejitwika, wakasema karafuu zao zikae upande ule zisichanganyike, wakakaa. Muuaji, mama mkwe alishamtaja tangu usiku wa pili na akawa hataki kusikia la mtu, na sitosema kama alipatia. Na Najum, mama mkwe alimchoka mapema. "Huyu anazungumza mno, Bwana Msa anamvumilia tu."

Kwa hiyo vipimo vyangu vya kitabu cha likizo sasa ni vya ajabu kidogo. Kwanza kiwe kinasomeka kwa sauti, na hilo hulijui mpaka usome ukurasa mmoja dukani kwa kunong'ona, muuzaji akikutazama vibaya muache akutazame. Kikatike katike, uweze kusimama popote pakaletwa chai. Kiwe na kitu cha kubishania. Herufi ziwe kubwa, vitabu vyetu vingine vimechapwa kwa herufi kama mchanga wa bahari na kandili haikusaidii. Kiwe cha karatasi, maana ukisomea simu watu wanakuona unachati, na vile vipidiefu tunavyotumiana WhatsApp, mbali na kwamba mwandishi hapati hata senti, kila dakika inaingia meseji ya mtu anaetaka kujua karafuu bei gani.

Na kikague mapema. Hili ni la muhimu kuliko yote. Mwaka jana nilikwenda na riwaya nyengine, siitaji jina, sikuipitia yote kabla. Nipo katikati ya duara, mama mkwe kulia kwangu, babamkwe kakaa mlangoni na kahawa yake, naona mstari unaofuata mwanamme na mwanamke wamefunga mlango na mambo yanaelekea siko. Nikaruka aya mbili nikatua kwenye "asubuhi yake". Kimya. Mama mkwe akaendelea kusokota shada lake bila kuinua kichwa akasema, "Mbona umeruka?" Nikasema sikuruka mama. Akasema, "Macho yako yalikwenda, mdomo ukabaki." Wifi alikimbilia jikoni kwenda kucheka huko.

Kile kitabu cha Bwana Msa sikurudi nacho. Nilikiacha Wete, na nasikia jalada limeshatoka na kurasa za mwisho zimeshonwa kwa uzi, na kila ukurasa una alama za vidole za rangi ya udongo kwa mafuta ya karafuu. Juzi mama mkwe kanipigia, hatujamaliza hata kusalimiana akaniuliza safari ni lini, nikamwambia Disemba inshaalla skuli zikifunga. Akasema vizuri, niletee Bwana Msa mwengine, wa herufi kubwa. Halafu akashusha sauti, nadhani mzee alikuwa karibu.

"Na ile riwaya ya mwaka jana, ile uliyoruka, njoo nayo pia."