Damu ya Mbeya, dawa ya nani?

Jirani yangu anauza parachichi sokoni Mwanjelwa, Mbeya. Miaka kadhaa iliyopita alipojiunga na utafiti mmoja wa tiba, mama mkwe wake alimuuliza jambo moja tu: "Hao si mumiani kweli?" Kila akienda kliniki alitolewa damu vichupa kadhaa, akarudi na nauli. Nauli yenyewe ilizidi faida ya siku nzima sokoni.

Wanaopinga tafiti hizi huanzia hapo hapo kwenye nauli. Mtu mwenye njaa hakatai, wanasema, kwa hiyo ridhaa yake imenunuliwa. Wana sababu ya kushtuka. Mwaka 1996 huko Kano, Nigeria, kampuni ya dawa ya Pfizer ilijaribu dawa ya Trovan katikati ya mlipuko wa homa ya uti wa mgongo. Watoto walikuwa 200, nusu wakipewa dawa nyingine ya kulinganishia. Walikufa 11 katika makundi yote mawili, na familia zikalalamika kwamba hazikuambiwa ni majaribio.

Lakini chanjo ya VVU ijaribiwe wapi? Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulikuta maambukizi kwa watu wazima ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati taifa zima ni 4.4. Virusi vya huku, hasa aina ya C na michanganyiko yake, si vile vya aina ya B vilivyozoeleka Ulaya. Chanjo iliyopimwa kwao tu ingetufikia kwa kubahatisha. Jaribio la PrEPVacc, lililohusisha Mbeya, Dar es Salaam, Masaka na Durban, lilisitisha chanjo Novemba 2023 baada ya kamati huru kuona hakuna dalili ya kukinga. Wengine waliliona pigo. Mimi naona breki zilishika.

Kuhusu nauli, siwaungi mkono wapinzani. Kumnyima muuza parachichi fidia ya siku yake, eti kulinda uhuru wake, ni kumtaka aifadhili sayansi kwa chakula cha wanawe.

Nawaunga mkono kwenye kinachofuata baada ya jaribio. Azimio la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa tiba kwa binadamu, linataka mpango wa kuwapatia washiriki dawa iliyofaulu uwekwe kabla jaribio halijaanza. Lenacapavir, sindano ya kukinga VVU, ilijaribiwa kwa wasichana na wanawake vijana wa Uganda na Afrika Kusini. Matokeo ya 2024 yalionyesha hakuna hata mmoja aliyeambukizwa kati ya waliochomwa sindano hiyo. Dawa yenyewe Marekani ilikuwa na bei ya zaidi ya dola 40,000 kwa mwaka. Leseni za kutengeneza ya bei nafuu kwa nchi 120 zilikuja baadaye, matokeo yakiwa tayari mezani. Mazungumzo hayo yalipaswa kumalizwa kabla ya sindano ya kwanza, maana mshiriki akishatoa damu hana tena cha kupatania.

Jirani yangu aliliona hilo bila kusoma azimio lolote. Siku ya kusaini aliuliza: "Ikifaa, nitaipata kwa bei gani?" Muuguzi alizifunua kurasa za fomu mbele na nyuma, kisha akasema atamuuliza daktari.