Tengenezeni barabara ingali nzima

Mimi natengeneza moto, yaani pikipiki, hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, garaji yangu iko kando ya lami inayoshuka kuelekea ziwani, na kwa mvua za misimu miwili nimeangalia shimo moja likizaliwa mbele ya macho yangu. Kulianza ufa. Mwembamba kama uzi, huuoni mpaka mvua ikatike, lami yote inakauka, ule ufa unabaki mweusi juu bado umeshika maji ndani. Septemba ikapita hivyo. Kufika Desemba ufa ulikuwa umezaa wadogo wake, zikakatana zikakatana mpaka lami ikawa kama mgongo wa kobe, nikikanyaga kwa kisigino inacheza kidogo na maji ya matope yanapanda toka chini. Alafu malori ya simenti yakapita, kipande kikachomoka, ukubwa wa sahani. Pasaka ile sahani ilikuwa beseni.

Leo moto zinaingia humo usiku na mchana, naletewa janti (rimu) zimepinda, rulma (beringi) zimekufa, na kuna motari mmoja, dereva wa moto, alinisukumia moto yake asubuhi huku mama aliyekuwa amembeba yuko hospitali, mkono umevunjika. Pesa ya ile janti niliipokea lakini haikunipa raha hata kidogo.

Vijana wa kartie, mtaa wetu, wanajaza udongo na mawe, wanatega kamba, wanaomba franka 500. Siwalaumu, wanafanya kile wanachoweza na mikono yao. Ila mvua moja kubwa inatosha, udongo wote unashuka kwenye kanivo, ule mtaro wa maji kando ya njia, kanivo inaziba, maji yanarudi kupita barabarani na shimo linafunguka kushinda jana.

Sasa kitu nataka kusema kitawakasirisha watu, najua: pesa ya kwanza ya barabara katika mji huu iende kwenye barabara ambazo bado ni nzuri. Zile zenye ufa wa uzi. Siye tumezoea kinyume, tunangoja njia ife kabisa, watu wapige kelele, alafu inakuja mashine na sherehe ya kukata utepe, kilomita moja inatengenezwa kwa pesa nyingi na wakati huo zingine tano zinaanza kufa kimya kimya bila mtu kuziangalia.

Kuna miji inapanga hii kazi vingine. Marekani kwa mfano, wahandisi wa jeshi lao walitengeneza kipimo miaka ya 1970, mtu anatembea kipande kwa kipande, anapima nyufa, mashimo, mahali lami imezama, na kila kipande kinapewa alama toka 0 mpaka 100. Eneo la San Francisco wanatangaza alama za miji yao, wastani umekaa karibu na 67 kwa miaka, yaani na utajiri wote ule nao wanahangaika. Alama ikiwa juu wanaziba nyufa kwa lami ya moto ama wanapaka ngozi nyembamba juu ili maji yasiingie, ikishuka kati wanaongeza tabaka nzima, ikiwa chini kabisa hakuna dawa tena, ni kuchimba mpaka msingi na kuanza upya. Wanajua pia kwamba barabara inashuka polepole sehemu kubwa ya umri wake, kama robo tatu hivi, halafu ikivuka pale inaporomoka kwa haraka sana. Hesabu yao ya kawaida ni kwamba dola 1 iliyotumika kabla ya kuporomoka inaokoa dola 6 mpaka 10 za baadaye.

Kwetu mafundi si habari mpya. Shene ya moto, ule mnyororo, ikilegea na usiikaze, inakula meno ya pinyo, lile gurudumu dogo linaloizungusha, na siku unakuja garaji shene mpya peke yake haisaidii tena, unanunua kit nzima. Kukaza ni dakika kumi.

Dada yangu mdogo anakaa Kadutu, kule juu ambako hata moto inakataa kupanda mvua ikinyesha. Nilipomweleza haya aliniangalia muda mrefu. "Yaya, njo kusema sisi tubakie mu matope ili barabara yenu iendelee kung'aa?" Iliniuma, na sina jibu la kumaliza maumivu yake. Nilichomwambia ni kwamba kila njia ya lami tunayoacha ife inakula pesa ambayo ingepanda kwake, na kwamba kwake yeye shida ya kwanza ni maji. Mlima wetu ni udongo wa mfinyanzi, mvua inaanza Septemba mpaka Mei, maji yakikosa kanivo yanatengeneza njia yake yenyewe na inakuwa bonde, nyumba zinafuata. Kanivo ya mawe yenye mtu wa kuisafisha inalinda njia ya udongo kama vile ngozi ya lami inalinda lami. Hata ofisi ya serikali yenye kazi hii, OVD, jina lake linashika vyote viwili, barabara na kupitisha maji. Mtu asitenganishe. (Na zile chupa za plastiki tunazotupa kwenye kanivo zinashuka ziwani mpaka mtambo wa umeme wa Ruzizi, zinaziba huko pia, tunakosa lami na tunakosa umeme kwa chupa moja.)

Tuna salongo ya Jumamosi, kazi ya pamoja ya usafi, tunaweza kuzoa matope. Kuziba ufa hatuwezi, inataka lami ya moto na watu wenye kuijua, na inataka kiangazi, Juni mpaka Agosti, kwa sababu ukiziba ufa wenye maji umefungia ugonjwa ndani. Na pesa si kwamba haikatwi: toka sheria ya 2008 kuna mfuko wa taifa wa kutunza barabara, FONER, unaokula kwenye mafuta tunayonunua. Motari akiweka lita mbili asubuhi ameshachangia. Basi abandikiwe ukutani pale kwenye ofisi ya komini orodha ya barabara zote za komini za mji wetu, Ibanda, Kadutu na Bagira, kila moja na hali yake, mwezi wa kazi na bei. Na anayekata lami mpya kupitisha bomba, kama tulivyofanyiwa hapa, akajaza udongo akaenda, arudishe lami yeye mwenyewe kabla ya mvua.

Jana nimeona ufa mwingine, mita kama ishirini chini ya garaji, mbele ya mama anayeuza ndizi. Nimeupima, ncha ya kalamu inaingia, kidole bado. Tuko Julai.