Boliti ya mkono si ya wakati wa Bulamatari

Mwezi wa pili, mvua ya Lubumbashi ikiwa imetufungia ndani, televisheni ilikuwa inaonyesha biatloni. Watu wanateleza juu ya theluji, wanasimama wakihema, wanashusha bunduki mgongoni na kupiga shabaha tano zilizo mita 50. Anayepiga akiwa amelala, shabaha yake ina upana wa milimita 45 tu. Kila baada ya risasi wanavuta boliti, lile komeo la chuma linalofunga risasi ndani ya bunduki, kwa kidole na kuirudisha kwa gumba. Mpwa wangu akageuka: "Mujomba, bazungu bote hawa na feza yabo, juu ya nini bangali banakoki na mukono kama wakati ya Bulamatari?"

Bulamatari ndiyo serikali ya Wabelgiji, ya wakati wa ukoloni. Jibu la haraka ni sheria. Kanuni za biatloni zinakataza bunduki inayojikoki, yaani inayojiingizia yenyewe risasi inayofuata, kwa hiyo mchezo ule peke yake hauthibitishi kitu: hakuna aliyeruhusiwa kuja na aina nyingine tukalinganisha. Lakini dharau iliyokuwa ndani ya swali lile naisikia kwa wengi. Wanaona boliti ni chombo cha wazee, na kwamba mwenye uwezo hununua inayojikoki. Kwa kulenga shabaha, mambo hayako hivyo.

Marehemu mjomba wangu aliwinda katika miombo ya upande wa Kasenga na Mauser ya zamani, ya mtindo ule wa 1898 ambao bunduki nyingi za kuwinda zinaufuata mpaka leo. Ukiitazama kwa karibu, ni kama komeo la mlango: inua mkono, vuta, sukuma, shusha. Unaposhusha, meno mawili ya mbele yanashika ndani ya chuma nyuma ya risasi. Kuanzia hapo, ukivuta kifyatulio, kinachotembea ni pini tu inayokwenda kugonga fataki ya kuwasha baruti. Kila kitu kingine kimetulia.

Katika bunduki nyingi zinazojikoki, mtutu una tundu dogo. Risasi ikishalipita, ingali ndani ya mtutu, sehemu ya gesi huingia tunduni ili isukume mtambo urudi nyuma. Risasi hukaa mtutuni kwa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde, na ndani ya muda huo huo kazi nyingine imekwisha kuanza. Mtutu wowote hutetemeka risasi inapopita. Uliobeba bomba la gesi na pistoni yake hutetemeka kwa namna ngumu zaidi kuirudia vile vile kila mara. Halafu mtambo unarudi kwa nguvu na kuibamiza risasi inayofuata ndani ya chemba, pale inapokaa nyuma ya mtutu. Mkono wa mtu huiingiza taratibu.

Mafundi wamepunguza sana tofauti hiyo, na asiyekiri hilo hasemi ukweli. Nchini Marekani wapigaji wa mashindano hutumia bunduki za aina ya AR-15 kwenye yadi 600, karibu mita 550, na hupata alama ambazo wenye boliti wengi wangezitamani. Jeshi la nchi hiyo liliwapa walengaji wake bunduki ya M110, inayojikoki. Warusi walikuwa na Dragunov yao, nayo inayojikoki, tangu 1963. Inayojikoki pia hupunguza teke begani, na risasi ya pili inatoka bila mkono kuacha kitako wala jicho kuacha darubini. Kwa mnyama aliyejeruhiwa na anayekimbia, hilo ni jambo kubwa.

Kinachonisumbua ni namba wanayotupiana watu: "Hii inapiga dakika moja." Dakika hapa ni ya pembe, sehemu moja ya 60 ya digrii. Kwenye mita 100 ni kama milimita 29, yaani karibu kizibo cha chupa ya bia ya Simba. Kwenye mita 300 ni milimita 87. Sasa uliza: ni risasi ngapi zilizopigwa? Mara nyingi tatu. Matundu matatu yanaweza kukaa pamoja kwa bahati tu. Piga kumi kwenye karatasi ile ile, na kizibo kinageuka kisahani. Wapenzi wa boliti nao wana kosa hili hili. Wanaweka mfukoni karatasi nzuri na kutupa nyingine saba. Nikiona karatasi ya matundu kumi, nitaamini, iwe ya bunduki gani.

Na hapo ndipo bei inaingia. Inayojikoki ya kufikia dakika moja kwa risasi kumi inadai mtutu wa hali ya juu, kifyatulio kizuri na risasi zilizochaguliwa. Boliti ya kawaida ya kiwandani hukaribia hapo kwa pesa kidogo kuliko hiyo, na ina sehemu chache za kusafisha. Nani asiyejua vumbi letu jekundu la mwezi wa nane? Boliti ikijaa vumbi unaichomoa kwa mkono, unaipangusa na kitambaa, unairudisha.

Kijana anayeanza kujifunza, mwenye kibali chake na mtu mzima pembeni, ningempa boliti bila kusita. Anapoikoki anapata nafasi ya kupumua, kutazama risasi imegonga wapi, na kujiuliza kama alivuta kifyatulio au alikishtua. Kwa inayojikoki nafasi hiyo ipo pia kwa mwenye nidhamu, lakini kidole cha anayeanza hakiisubiri, na mtutu unapata moto.

Mjomba alivuta boliti polepole, kiganja kikiwa tayari chini, ganda likadondokea mkononi likiwa bado na moto na harufu ya baruti. Maganda ya namna hiyo kwa kawaida ni sehemu 70 za shaba na 30 za zinki, madini mawili yanayotoka pamoja ardhini Kipushi, mwendo mfupi kutoka hapa. Aliyarudisha katika kopo lile lile alilotoka nalo nyumbani. Jioni alimwaga kopo mezani na kuhesabu: maganda mangapi, nyama ngapi. Siku nyingi yalikuwa mawili, au moja.