DC Yupi, Mjukuu Wangu?

Kabla hamjaendelea kutumiana ile klipu, naomba mnisikilize mwenye aibu yangu. Huyo ninayemwita rafiki kakata mwanzo, kakata mwisho, kabakiza pale tu ninapotamka "DC". Sekunde kumi na mbili. Mungu anamwona.

Nilipewa semina ya muziki wa Wagogo, wenyeji wa Dodoma. Mwenye akili angepanda gari akaenda Chamwino akasikilize zeze, ile ala ya nyuzi yenye kibuyu, kwa masikio yake. Mimi nikaona nina bando. Nikaingia kwenye kanzidata ya maktaba, RILM, ile inayokusanya maandishi ya kitaaluma ya muziki, nikaandika "gogo". Yakaja machache. Chini yake mashine ikaniuliza kwa upole: au ulimaanisha "go-go"? Nikasema hawa Wazungu bwana, majina yetu huwa wanayaandika wanavyojisikia. Nikabofya.

Yakamwagika! Nikasoma muhtasari wa kwanza (msinicheke, nani kati yenu husoma makala nzima?): ngoma hazikatiki kati ya wimbo na wimbo, kiongozi anaita, umati unaitikia. Kama hiyo si muheme, ngoma ya mama zetu, ni nini? Nikabeba vyanzo 17, nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Alhamisi naingia darasani, nakuta mwalimu kamwalika mzee kutoka Chamwino. Kakaa mbele, zeze mapajani. Nikamsalimu "Mbukwenyi!" kwa mbwembwe, akaitika vizuri, darasa likanipigia makofi. Hapo ndipo kichwa kilipovimba.

Slaidi ya tatu. Nikakohoa kidogo kama mbunge. "Muziki huu ulishamiri miaka ya 1970, na mwaka 2020 ukatambuliwa kisheria kuwa muziki rasmi wa DC."

Mzee akaweka kiganja juu ya nyuzi.

"DC yupi, mjukuu wangu? Wa Bahi au wa Chamwino?"

Jamani, hapo mtu husema "sijui, babu". Maneno mawili tu. Mimi nikajibu, "Wa Chamwino, babu."

"Mbona hatukuitwa?"

Kimya. Feni inazunguka. Mwalimu, bila hata kuinua macho kwenye daftari lake, akasema, "Hebu fungua hiyo makala tuione."

Mtandao wa siku ile mnaujua. Picha ikaanza kushuka ukutani kidogokidogo, kama pazia. Ikaja kofia. Nikajipa moyo, wazee wetu nao huvaa kofia. Ikaja miwani nyeusi. Nikaanza kuhisi jasho linatembea mgongoni. Ikaja shingo ya gitaa, halafu gitaa lenyewe, la umeme. Mzee kainama mbele, kakunja macho.

"Huyu ni wa ukoo gani?"

Mwisho yakashuka maandishi: Chuck Brown, baba wa go-go, Washington, D.C. Kumbe ni muziki wa Marekani, na DC ni mji wao mkuu, si mkuu wa wilaya.

Sikumbuki nani alianza kucheka. Nakumbuka aliyeanguka kwenye kiti, ndiye huyo mwenye klipu.

Mengine ya haraka. Narudia semina Jumatatu. Dada wa maktaba kanionyesha kwamba ningeongeza neno "Tanzania" tu, au ningetafuta kwa jina la ala, zeze, ilimba, au kwa jina la Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, au ningechagua kichwa cha somo, yaani lebo ya mada kwenye kanzidata, kinachowataja Wagogo kama watu, Washington isingenitembelea kabisa. Tumepata makala chache, na safari hii nazisoma hadi mwisho, tanbihi pamoja. Chamwino nakwenda Jumamosi, mzee mwenyewe kaniambia niende. Ila kabla hajaondoka aliniomba nimfungulie tena ile picha, akaitazama sana, akauliza lile gitaa linatiwa nini hadi lilie bila kibuyu.

Jana jioni nimesimama kwa muuza chipsi wangu, mtu asiyejua hata maktaba iko upande gani. Kaniangalia, kashika chupa ya pilipili.

"Mheshimiwa DC, nikuwekee nyingi?"